UTUPA, UPUPU NA UGONJWA WA KUTETEMEKA

Katika nchi yetu humea mimea miwili ambayo majina yake yanakaribiana: utupa, uwalevyao samaki, na upupu, uwashao mwili. Nataka kueleza jinsi mimea hiyo inavyotufunza habari za ugonjwa wa Parkinson.

Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1817 na daktari Mwingereza, James Parkinson. Mgonjwa hutetemeka mikono, viungo hukakamaa na mwendo huwa mzito. Sababu yake ni kufa kwa seli za neva, ndani ya ubongo, zitengenezazo dopamini, yaani kemikali isaidiayo kuongoza mwendo wa mwili.

Je, seli hizo huuawa na nini? Umri na urithi huchangia, lakini sumu nayo imo. Majani ya utupa yana sumu za jamii ya rotenoni. Sumu hiyo huzuia kazi ya mitokondria, ambazo ni majiko ya seli. Samaki hulegea, si kwa kuwa maji hayana oksijeni, bali kwa kuwa seli zake haziwezi kuitumia. Mwaka 2000 wataalamu wa Atlanta, Marekani, walitangaza kuwa panya waliopewa rotenoni kidogo kidogo kwa majuma kadhaa walipoteza seli za dopamini. Parakwati, dawa ya magugu, nayo hushukiwa. Umoja wa Ulaya uliikataza mwaka 2007.

Mbegu za upupu zina levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Hiyo ndiyo dawa kuu ya hospitali. Lakini tusizitafune mbegu hizo, maana kipimo chake hakijulikani. Tena levodopa huongeza dopamini tu, haiziokoi seli. Hadi leo hakuna dawa iliyothibitika kuzikinga. Basi hatuna budi kujiepusha na sumu.

Jambo hili latuhusu sisi wa Uluguru, kwani bustani za Mgeta na Nyandira hupigwa dawa kwa bomba la mgongoni. Likizo ijayo, tuwaeleze wazazi wetu kwa adabu: mpulizaji avae glavu na afunike pua na mdomo, asisimame upepo unakoelekea, bomba lisioshwe mtoni, kopo la sumu lisitekewe maji.

Uchunguzi wa wilaya ya Hai, uliotangazwa mwaka 2008, ulikuta wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wametambuliwa kabla. Kwa hiyo mzee akianza kutetemeka, tusiseme amerogwa. Tumpeleke hospitali.