Wakala, Mshenga au Proksi? Istilahi za Kupitisha Maombi ya Ukaguzi wa Mtandao hadi kwenye Printa, kwa Mfano wa Lodwar na Kakuma

Utangulizi

Mjadala wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili ni wa miaka mingi, na kwa kiasi kikubwa umekuwa ukizunguka neno moja tu. Wakenya wengi wameshikilia 'tarakilishi', Watanzania wamekuwa na 'kompyuta' na, kwa muda, 'ngamizi', na kila upande umejitetea kwa hoja za kila namna. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi zilizoitwa Jambo OpenOffice, na mwaka uliofuata Microsoft nayo ikatoa kiolesura cha Kiswahili. Kazi hizo zilizaa istilahi nyingi zenye manufaa. Hata hivyo, kilichotafsiriwa zaidi ni kile ambacho mtumiaji wa kawaida hukiona kwenye kioo: faili, hariri, hifadhi, chapisha. Kazi ya fundi wa mtandao, ambayo hufanyika nyuma ya kioo hicho, iliachwa kwa Kiingereza.

Makala haya yanachunguza kipengele kimoja cha kazi hiyo, nacho ni kupitisha maombi ya ukaguzi wa mtandao hadi kwenye printa kupitia kompyuta iliyo katikati. Kipengele hiki ni kidogo, lakini kina tatizo la kiistilahi ambalo haliwezi kukwepwa: dhana mbili zinazopingana ndani ya sentensi moja hudai neno lilelile la Kiswahili.

Mazingira ya mfano ni Turkana. Lodwar, makao makuu ya kaunti, iko kando ya mto Turkwel. Kakuma iko takriban kilomita 120 kaskazini-magharibi yake. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yakafunguliwa karibu nayo mwaka 2016. (Ifahamike kwamba waandishi kadhaa wa kigeni wamedai kuwa 'Kakuma' ni neno la Kiswahili lenye maana ya 'mahali pasipo popote'. Hakuna kamusi ya Kiswahili yenye maana hiyo, wala mzungumzaji anayeitambua. Ni tafsiri iliyozuliwa na kunakiliwa kutoka ripoti moja hadi nyingine.) Watoto wa kambini husoma kwa mtaala wa Kenya, hivyo Kiswahili ni somo kwa Mdinka na Msomali, na ni lugha ya nyumbani kwa wengi waliotoka mashariki ya Kongo. Hao wa mwisho, kwa kuwa elimu yao ilikuwa ya Kifaransa, hufika wakisema 'ordinateur' na 'imprimante'. Mwalimu wa kompyuta anayesema 'printa' na kitabu kinachosema 'kichapishi' wanakutana na mwanafunzi mwenye neno la tatu. Hapo suala la istilahi linaacha kuwa la semina na linakuwa la darasani.

Printa huulizwaje?

Chukuliwe kwamba ofisi moja ya Kakuma ina printa, na kwamba fundi anayeihudumia anakaa Lodwar. Wino wa unga ukiisha Kakuma wakati wa kuchapa mitihani, na hakuna akiba, pengine itabidi kuagiza Kitale, ambako ni takriban kilomita 300 kutoka Lodwar. Fundi angependa kujua mapema. Printa nyingi za ofisini zenye kadi ya mtandao zina uwezo wa kumjulisha, kwa kuwa zinajibu maswali yanayotumwa kwa Itifaki Sahili ya Usimamizi wa Mtandao, ijulikanayo kimataifa kwa kifupi cha SNMP. Itifaki hiyo ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1988. Kila jambo linaloweza kuulizwa limepewa namba ndefu yenye matawi kama ukoo. Mambo mengi ya printa yamo chini ya tawi la 1.3.6.1.2.1.43, lililofafanuliwa mwaka 1995 na kurekebishwa mwaka 2004. Ndani ya tawi hilo kuna namba ya jumla ya kurasa zilizochapwa tangu printa iundwe, namba ya ujazo wa juu wa wino, na namba ya kiasi kilichobaki. Kama ujazo wa juu ni 3000 na kilichobaki ni 900, fundi anajua kwamba asilimia 30 imesalia. Baadhi ya printa hujibu -3, maana yake wino upo lakini kiasi hakipimiki, jibu ambalo humchanganya asiyelijua akadhani mashine imeharibika.

Kikwazo ni njia. Printa ya ofisi kwa kawaida huwa na anwani ya ndani, kwa mfano inayoanza na 192.168, ambayo haifikiki kutoka nje. Ombi la Lodwar halina mlango wa kuingilia. Suluhisho ni kuweka kompyuta moja Kakuma, inayofikika kutoka Lodwar na wakati huohuo inayoiona printa. Kompyuta hiyo hupokea ombi kupitia bandari ya 161, huangalia kama namba iliyoulizwa iko chini ya tawi la 43, huunda ombi jipya kwa jina lake yenyewe na kulipeleka kwa printa, hungoja jibu, kisha humrudishia aliyeuliza. Programu huria ya Net-SNMP huifanya kazi hiyo kwa mstari mmoja tu katika faili ya usanidi. Maswali yasiyo ya tawi hilo, kama vile jina la kompyuta yenyewe, hujibiwa palepale bila kuisumbua printa.

Wakala wawili katika sentensi moja

Matatizo huanza fundi anapotaka kuyasema hayo kwa Kiswahili. Katika istilahi za itifaki hii, programu iliyomo ndani ya printa na inayojibu kwa niaba yake ina jina ambalo tafsiri yake ya wazi ni 'wakala'. Kompyuta iliyo katikati nayo ina jina lingine, ambalo wafasiri wengi wamelitafsiri vilevile kuwa 'wakala', au 'seva wakala'. Matokeo yake ni sentensi kama hii: 'Wakala hupokea ombi na kulipeleka kwa wakala.' Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi, na haina maana yoyote kwa mwanafunzi. Akiulizwa ni wakala yupi anayekijua kiasi cha wino, hawezi kujibu, ilhali hicho ndicho kiini cha somo. Anayejua ni mmoja tu. Mwingine hajui chochote kuhusu wino, anapitisha maneno ya wengine.

Vigezo vya uundaji wa istilahi alivyopendekeza Kiingi wa Uganda mwaka 1989, maarufu kama PEGITOSCA, vinaanza na usahihi, na si kwa bahati. Istilahi inayobeba dhana mbili katika uwanja mmoja imeanguka katika kigezo cha kwanza, hata kama ni fupi na inakubalika. Tumbo-Masabo na Mwansoko nao, katika kiongozi chao cha mwaka 1992, waliwapa waundaji wa istilahi mwongozo ambao hadi leo wengi huurejelea pindi maneno yanapogongana namna hii.

Kuna uzito mwingine. Tangu M-Pesa ianze nchini Kenya mwaka 2007, 'wakala' kwa mtu wa Lodwar ni aliyekaa kwenye kibanda cha kijani, anayetoa na kupokea fedha. Huyo ana fedha mkononi, anajibu mwenyewe. Kwa maana hiyo neno linamfaa zaidi yule aliye ndani ya printa, mwenye habari mkononi, kuliko yule wa katikati. Basi na libaki kwake.

Mshenga na mkalimani

Wa katikati aitwe nani? 'Proksi' ni jibu jepesi. Lina sifa ya umataifa, na mafundi wengi wanalitumia tayari. Udhaifu wake ni kwamba wanafunzi wengi wamelisikia kwa maana nyingine: ile seva ya vyuo inayohifadhi kurasa za wavuti ili kupunguza matumizi ya mkondo. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba ombi la printa linapita kwenye proksi huenda moja kwa moja kwenye mipangilio ya kivinjari chake, na huko hapati kitu, kwa sababu seva za namna hiyo hubeba mawasiliano ya wavuti na hazijui kubeba maombi ya itifaki hii.

'Tarishi' hupeleka, lakini halazimiki kurudi na jibu. 'Dalali' hutaka chake. 'Naibu' hufanya uamuzi mkubwa wake anapokuwa hayupo, jambo ambalo kompyuta hii haina mamlaka nalo. Linalobaki ni 'mshenga'. Mshenga hutumwa na upande mmoja, hupeleka posa, husikiliza jibu na kulirudisha kama lilivyo. Haoi yeye wala haozi. Kila aliyekulia katika utamaduni wa Waswahili anajua mipaka ya kazi yake bila kufafanuliwa, na Mturkana, ambaye ndoa kwake ni mazungumzo marefu kati ya koo mbili kuhusu mifugo, haitamchukua muda kuelewa.

Istiara hii ina kasoro moja ambayo inafaa isemwe waziwazi. Mshenga wa posa hutaja aliyemtuma, la sivyo hapewi hata kiti. Mshenga wa mtandao hamtaji. Printa huona anwani ya kompyuta ya Kakuma pekee na kuamini kwamba ndiyo inayouliza. Lodwar haipo machoni pake. Mwalimu akitumia neno hili hana budi kulisema hilo, la sivyo mwanafunzi ataifungulia printa anwani ya Lodwar bure.

Wakati mwingine mshenga huwa pia mkalimani. Toleo la tatu la itifaki, lililokamilishwa mwaka 2002, huweza kusimba ujumbe. Printa kuukuu nyingi zinaelewa toleo la kwanza tu. Kompyuta ya katikati inaweza kupokea ombi lililosimbwa kutoka Lodwar na kuliuliza kwa lugha kuukuu ndani ya ofisi. Kakuma, ambako mkalimani ni mtu wa kila siku katika zahanati na ofisi za usajili, hakuna haja ya kueleza neno hilo.

Upatanisho wa kisarufi

Je, 'wakala anajibu' au 'wakala inajibu'? Wahadhiri hutofautiana, na wanafunzi hufuata sikio. Mfano wa 'kifaru' unasaidia. Mnyama huleta upatanisho wa A-WA, 'kifaru amekufa', lakini kifaru cha vita huleta KI-VI, 'kifaru kimelipuliwa', na hakuna anayechanganyikiwa. Kwa mantiki hiyo 'wakala inajibu' na 'mshenga inapitisha' yangetosha kuonyesha kwamba si binadamu anayezungumziwa. Sikio huenda likakataa la pili kwa muda. Vivyo hivyo kwa kitenzi: 'kupitisha' ni bora kuliko 'kusambaza', kwa kuwa la pili, nchini Kenya, limeshikwa na kugawiana muda wa maongezi wa simu, na linadokeza wapokeaji wengi ilhali hapa mpokeaji ni mmoja.

Neno la jumuiya

Limebaki neno moja ambalo halipaswi kutafsiriwa kabisa. Katika matoleo mawili ya mwanzo ya itifaki, kila ombi hubeba neno la jumuiya, ambalo hufanya kazi kama nywila. Printa nyingi hutoka kiwandani zikiwa na neno la Kiingereza lenye maana ya 'umma'. Istilahi 'neno la jumuiya' ni ya kutafsiriwa. Neno lenyewe lililoandikwa ndani ya printa ni jina, na majina hayatafsiriwi. Mwanafunzi mwenye bidii ya Kiswahili akiandika 'umma' katika usanidi wa mshenga, wakati printa bado ina neno la kiwandani, wakala iliyo ndani ya printa haitamjibu kwamba amekosea. Haitajibu chochote. Anachokiona fundi aliyeko Lodwar ni kimya, kilekile ambacho angekiona kama printa ingekuwa imezimwa au waya umekatika, na atapanda gari kwenda Kakuma, kilomita 120, kuikuta mashine inachapa bila tatizo.