Haja na Tamaa: Somo kwa Wapiga Picha



Maradhi ya kununua yana namna nyingi. Wako walioshikwa na nguo, wako walioshikwa na vyombo vya nyumba. Leo twataka kusema juu ya walioshikwa na kamera, kwani wamekuwa wengi katika miji yetu, na madhara yao hayaishii kwao peke yao, bali hufika jikoni na katika ada ya shule ya mtoto.

Alama za maradhi haya ni wazi. Mtu ana kamera nzima, isiyo na kosa. Asikia kwamba kiwanda kimetoa nyingine mpya. Papo hapo ile aliyo nayo yageuka mbovu machoni mwake, ilhali haikuanguka wala haikuingia maji. Usiku hakesha kwa kazi. Hukesha kutazama sifa za lenzi na bei zake. Asubuhi hutafuta wa kumkopesha. Akisha kununua hufurahi siku chache, kisha kiu humrudia kama ilivyokuwa.

HAJA NI IPI, NA TAMAA NI IPI?

Hatusemi kwamba kununua ni makosa. Mwenye kupiga picha za arusi kwa ujira ahitaji kamera ya pili, kwa sababu arusi hairudiwi kamera ikikataa. Mwenye kupiga picha za ndege katika msitu wa Arabuko-Sokoke ahitaji lenzi ndefu, kwani ndege hamngoji mtu amkaribie. Hizi ni haja, na alama ya haja ni kuwa mwenyewe aweza kukutajia kazi iliyomshinda kwa kukosa kifaa hicho. Tamaa haina kazi ya kutaja. Muulize mwenye tamaa, "Wakitaka kwa picha gani?" naye atakujibu kwa sifa za kifaa, wala hatakutajia picha.

Hapo ndipo israfu ilipo. Mali kutumika si israfu; israfu ni mali kutumika pasipo haja, khasa ikiwa ni mali ya deni.

TUPIME HESABU

Wauzaji hutushinda kwa hesabu tusizozipima. Picha ya kutundika ukutani, ya inchi 8 kwa 10, ikichapwa vizuri kwa nukta 300 kila inchi, yataka nukta 2,400 kwa 3,000, yaani milioni 7.2. Kamera ya megapikseli 24 ina zaidi ya mara tatu ya hizo. Ukiambiwa, "Nunua ya 48, ni maradufu," usidhani kuwa picha yako itaweza kukuzwa maradufu kila upande. Nukta hugawanyika baina ya upana na urefu, basi kila upande huzidi kwa kiasi cha asilimia 41 tu. Na picha zetu nyingi hutazamwa katika kioo cha simu, ambacho hakihitaji hata hizo milioni 7.

Juu ya haya, sisi watu wa pwani tuna khasara nyingine. Hewa yetu ina unyevu na chumvi. Lenzi iliyofungiwa kabatini bila kutumiwa huota kuvu ndani ya vioo vyake, na kuvu ikikaa sana huweza kula utando wa kioo usitengenezeke tena. Basi mwenye lenzi sita na kutumia moja, hizo tano hazimngojei, zaharibika.

TUWATAZAME WALIOTANGULIA

Katika mji wa Bamako, nchi ya Mali, Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948. Kamera yake ya kazi ilikuwa kubwa, ya picha za sentimita 13 kwa 18. Kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, alikuwa akimpiga mteja picha moja tu. Pazia lake la kwanza la nyuma ya wateja lilikuwa tandiko la kitanda chake, na aghalabu mwanga wake ulikuwa ni wa jua. Leo picha zile zimo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Alizidi kwa nini? Alijua namna ya kumketisha mtu, kumgeuza uso na kuipanga mikono yake.

Na karibu yetu zaidi, katika Lamu, Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993, alijifunza kazi hii mwenyewe, na alijulikana kwa picha alizozibuni kwa kukata na kuunganisha.

Tazama pia mlango wa nakshi katika mji wa kale. Upige picha jua la mchana likiuelekea mbele. Nakshi itaonekana bapa kama iliyochorwa. Rudi saa ambayo jua laupiga kwa ubavu. Kila ua litainuka kwa kivuli chake. Kamera ni ile ile. Aliyebadilika ni mpigaji, kwa kuwa amejua kungoja. Asiyejua hili hudai lenzi. Wazee walisema: mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

SHAKA NA JAWABU

Huenda mtu akasema: "Kazi hii ni ya kushindana. Wateja huwataka wenye kamera mpya." Twamjibu: mteja huonyeshwa picha, na kwa picha huchagua. Bibi arusi hukumbuka kwamba ulifika kwa wakati, na kwamba picha zake alizipata siku uliyoahidi. Mwenye deni la kamera hulazimika kupokea kazi tatu kwa siku moja, akachelewa zote, na jina lake likaharibika. Hivyo kifaa alichokinunua apate wateja ndicho kiwafukuzacho.

DAWA

Kwanza, andika katika daftari kila picha iliyokushinda, na sababu yake: mwanga, haraka, woga wa kumkaribia mtu, au kifaa. Usinunue mpaka kifaa kiwe kimeandikwa mara kumi.

Pili, chagua kamera moja na lenzi moja, utumie hizo tu miezi mitatu.

Tatu, ukitaka kitu, ngoja siku arubaini. Haja hubaki, tamaa aghalabu huwa imehamia kwa kitu kingine.

Nne, azima au kodi kabla ya kununua, na ukinunua kimoja uza kimoja.

Tano, usinunue kwa mkopo kifaa kisicho na kazi ya kukilipa. Kodi ya nyumba, dawa za mzazi na karo vyatangulia.

Sita, sehemu ya fedha ulizozizuia zitumie kuchapisha picha zako. Picha ya karatasi huonyesha aibu zake, nawe utajifunza.

MASWALI YA DARASA

1. Taja kifaa ulichonacho ambacho hukukigusa mwaka huu. Je, yuko mwanafunzi wa kazi hii akihitajiye?
2. Picha yako iliyo bora uliipiga kwa kamera gani, na ilikuwa bora kwa sababu gani?
3. Kifaa chako cha mwisho kilinunuliwa kwa fedha zilizokuwa za nani nyumbani?

Mwenye kujibu la tatu kwa ukweli amekwisha kuanza kupona.