Kulinganisha Mashine ya Kukuzia Picha

Mpiga picha wa Mbotela, Nairobi, akikuza picha ya arusi, huenda akaona bwana arusi yu dhahiri lakini bibi arusi amefunikwa na ukungu. Asiilaumu kamera upesi. Kwanza aitazame filamu kwa kioo cha kukuzia. Ikiwa filamu ni safi, kosa li katika mashine.

Kanuni ni moja: filamu, lenzi na ubao wa chini ziwe sambamba. Weka pimamaji juu ya ubao, kushoto na kulia, kisha mbele na nyuma, mpaka povu likae katikati. Pima vivyo hivyo mahali pa filamu, kisha ukingo wa lenzi. Palipoinama, tia kipande cha karatasi ngumu, ukaze skrubu.

Sasa chukua filamu iliyoharibika, uikwaruze kwa sindano katikati na katika pembe nne. Fungua tundu la lenzi kabisa, kwani tundu dogo huficha kosa. Mistari ya katikati ikiisha kuonekana sawasawa, tazama pembe. Moja ikififia kuliko nyingine, pima tena kabla hujafungua karatasi ya picha, maana karatasi ni ghali, na arusi hairudiwi.