Wiki ya Kazi Iliyofupishwa
Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Hata hivyo, kifungu cha 21 kinaruhusu wiki iliyofupishwa: hadi saa 12 kwa siku, muda wa kula ukiwamo, pasipo malipo ya ziada, mradi siku za kazi zisizidi 5. Karani wa ghala afanyaye siku 4 za namna hiyo, akipumzika saa 1 kila siku, hutimiza saa 44 na kubakiwa na siku 3 za shamba lake. Sharti ni makubaliano ya maandishi. Kauli ya msimamizi haitoshi. Yasipokuwapo, kila saa inayozidi 9 ni ya ziada, nayo hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi.