Kupanda Hibiskusi Ipate Kuvumilia Kiangazi

Wengi wenu mnaijua hibiskusi kwa macho, ijapokuwa pengine hamlijui jina lake. Ni kile kichaka chenye majani yanayong'aa na maua makubwa mekundu, ambayo katikati yake hutokeza kitu kirefu kama utambi. Hapa Kigali utaiona nyuani mwa watu na kando ya njia. Ua lake hufunguka asubuhi, na kwa kawaida hunyauka siku ile ile au kesho yake. Lakini lingine huchanua mahali pake.

Leo nataka kuwaeleza jinsi ya kuipanda. Jambo hili nilijifunza kwa hasara, na hasara hiyo ndiyo inayonifanya niandike.

Nyumba ya mama yangu iko Nyamirambo, kwenye mteremko. Nyuma ya jiko pana ukingo wa udongo mwekundu, kimo chake kama mtu mzima aliyesimama. Kila masika udongo ulimeguka kidogo kidogo, nasi tukauzoa kwa koleo bila kufikiri. Mwaka mmoja, katika mwezi wa Aprili, mvua ilinyesha usiku kucha. Alfajiri tulikuta udongo umejaza mlango wa jiko na kuyafunika mafiga. Kama ungalianguka saa moja baadaye, ungalimkuta mama ameketi pale pale akipika uji.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Fedha za kujenga ukuta wa mawe hatukuwa nazo, basi nikaazimia kuziba ufa kwa miti. Nilikuwa nimesoma katika kitabu cha bustani kutoka ng'ambo kwamba ziko hibiskusi zilizo ngumu, zisizokufa upesi. Nikafurahi sana. Mwezi wa Juni, mvua zilipokwisha, nikakata vijiti 30 kwa jirani, nikavichomeka ukingoni, na kila jioni nikakipa kila kijiti kikombe kimoja cha maji. Kufika mwisho wa Agosti vyote vilikuwa kuni.

Nikaenda kumlalamikia mzee mmoja wa mtaa wetu, ambaye sote tunamwita Babu.

"Babu, kitabu kilisema hibiskusi ni ngumu. Mbona zangu zimekufa zote?"

"Mjukuu wangu," akasema, "kitabu chako kilisema ni ngumu juu ya nini?"

Sikuwa na jibu. Nilipokisoma tena nikaona ya kuwa kitabu kilisema habari za baridi ya kugandisha maji. Huko Amerika ya Kaskazini iko hibiskusi iitwayo Hibiscus moscheutos. Wakati wa baridi shina lake hufa hata chini, na joto lirudipo huchipuka tena kutoka mizizini. Tena iko Hibiscus syriacus, ambayo asili yake ni Asia ya Mashariki. Hupukutisha majani na kuvumilia theluji. Hiyo ndiyo ua la taifa la Korea ya Kusini. Lakini Kigali iko karibu na Ikweta, kwa kimo cha mita 1,500 hivi juu ya bahari, na maji hayagandi. Adui wa mche hapa ni kiangazi cha Juni mpaka Agosti. Mmea ulio mgumu mbele ya adui mmoja waweza kuwa dhaifu mbele ya mwingine.

Hibiskusi yetu ya kawaida ni Hibiscus rosa-sinensis, yaani waridi la China, jina ililopewa na Carl Linnaeus wa Uswidi mwaka 1753. Ni ya ukoo mmoja na pamba na bamia. Iko pia jamaa yake aliyezaliwa kwetu Afrika ya Mashariki, katika pwani ya Kenya na Tanzania: Hibiscus schizopetalus, ambayo maua yake huning'inia chini na yamechanika-chanika kama mashada ya nyuzi. Wala msiichanganye na choya, ambayo vikonyo vyake vyekundu huchemshwa kuwa kinywaji. Huo ni mmea mwingine wa ukoo ule ule.

Basi haya ndiyo aliyonifundisha Babu.

Kwanza, kukata. Chagua tawi lisilo changa sana wala lisilokomaa sana, unene wake kama kalamu ya risasi. Kata kipande cha sentimeta 15 hivi, chini kidogo ya kifundo cha jani. Ondoa majani ya chini. Yale mawili ya juu yakate nusu, yasipoteze maji mengi.

Pili, kuotesha. Usikichomeke kipande mahali pake pa kudumu. Kitie katika kopo lililotobolewa chini, lenye mchanga uliochanganywa na mbolea ya majani iliyooza vizuri. Kiweke kivulini, udongo uwe na unyevu lakini usiwe tope. Baada ya majuma matano mpaka manane mizizi huwa imetoka. Ukikata mwezi wa Julai, miche itakuwa tayari mvua za vuli zitakapoanza.

Tatu, majira na shimo. Panda mwishoni mwa Septemba au katika Oktoba, mvua ikiisha kuloweka ardhi. Mahali pawe na jua la kutosha. Chimba shimo la sentimeta 45 kwenda chini na 45 kwa upana, uchanganye udongo na mbolea. Miche ya ua iachane sentimeta 80 hivi. Kwenye mteremko usichimbe ukingoni penyewe, maana mashimo hulegeza udongo. Rudi nyuma hatua mbili. Juu ya mstari wa miche chimba mfereji mdogo wa kupeleka maji ya mvua pembeni. Kwenye uso wa ukingo panda majani yenye mizizi mingi, kama matete.

Nne, maji. Hapa ndipo nilipokosea zaidi. Kikombe cha kila jioni hulowesha udongo wa juu tu, na mizizi hukaa juu inakopata maji. Jua likiukausha udongo huo, mche hauna pa kukimbilia. Katika kiangazi kifupi cha Januari na Februari, upe kila mche ndoo nzima mara mbili kwa juma, ukimimina polepole. Maji yakienda chini, mizizi huyafuata. Tandaza majani makavu juu ya ardhi, lakini yasiguse shina. Samaki mkunje angali mbichi: mche usiofundishwa kushuka chini katika mwaka wake wa kwanza hautashuka kwa urahisi baadaye.

Tano, kupogoa. Maua hutoka kwenye machipukizi mapya. Mvua zikianza, punguza matawi kwa theluthi moja, kichaka kipate kujaa na kuchanua.

Sita, wadudu. Ukiona vitu vyeupe kama pamba kwenye vikonyo, hivyo ni vidung'ata. Vioshe kwa maji yenye sabuni kidogo, uvitazame tena baada ya juma moja. Uwafukuze na sisimizi, kwa sababu sisimizi hupenda utamu utokao kwa vidung'ata, nao huwalinda.

Nilipanda tena miche 30 kwa njia hii, na 26 ilipona. Kiangazi cha mwaka wa pili sikuinyeshea hata mara moja, nayo ikabaki na majani yake.

Lakini nisimdanganye mtu. Hibiskusi haizuii mlima. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua watu zaidi ya 120 katika magharibi na kaskazini ya nchi yetu. Ukiona ardhi imepasuka juu ya nyumba, au miti imeanza kuinama, usiende kutafuta vijiti. Watoe watu kwanza, kisha uwaarifu viongozi wa mtaa. Babu mwenyewe, siku ile ile aliyonifundisha kupanda, alimwambia mama ahamishe jiko upande wa pili wa nyumba. Mama alilihamisha kabla sijachimba shimo la kwanza.

Sasa pale palipokuwa na mafiga pana maua. Udongo bado humeguka kidogo wakati wa masika, lakini haumkuti mtu.

Kazi ya kufanya: Tazameni mteremko mmoja karibu na shule au kwenu. Maji ya mvua hupita wapi? Kateni vipande vitano mwezi wa Julai, mviandikie tarehe, na mwezi wa Oktoba mhesabu vingapi vimeota mizizi. Vilivyokufa msivitupe kabla ya kujua sababu.