SOMO LA UFUNDI: KUCHAGUA SILI YA MAFUTA INAYOTOSHA



Injini ya mashine ya kusaga ya kikundi chetu ilianza kuvuja mafuta. Tulichanga pesa, mwenzetu akapata ruhusa ya kutoka kambini, akaenda Bujumbura kwenye maduka ya mtaa wa Asiatique. Aliomba "sili ya mashine ya kusaga" tu. Akarudi na 35x50x7, kumbe yetu ni 35x52x7. Sili ilicheza ndani ya tundu lake, mafuta yakapita pembeni, na akina mama wakarudi kutwanga. Kosa lilikuwa letu sote: hatukupima. Basi tujifunze.

Sili ni nini?
Ni pete ya mpira inayokaa pale shafti inapotokea nje. Huzuia mafuta yasitoke na vumbi lisiingie. Mafuta yakiisha, injini hukwama na kuharibika kabisa.

Namba tatu
Katika 35x52x7, namba ya kwanza ni unene wa shafti, ya pili ni upana wa tundu ambamo sili hukaa, ya tatu ni kimo cha sili. Zote ni milimita.

Jinsi ya kupima
1. Soma namba za sili ya zamani kabla ya kuitupa.
2. Zikiwa zimefutika, usipime mdomo wake wa mpira. Hata ukiwa mpya, mdomo huwa mdogo kuliko shafti ili ubane. Pima shafti yenyewe, kisha tundu na kina chake. Azima venia kwa fundi, rula haitoshi.
3. Pitisha ukucha juu ya shafti. Ukinasa kwenye mfereji, sili mpya nayo itavuja. Mwonyeshe fundi kwanza.
4. Mpira wa kawaida huvumilia joto la digrii 100 hivi. Penye joto zaidi, omba sili ya Viton.

Dukani
Nenda na namba zote tatu kwenye karatasi, pamoja na sili ya zamani. Wanaotumia Kifaransa huiita joint spi.

Kufunga
Paka mdomo mafuta. Upande wenye springi utazame ndani, kwenye mafuta. Gonga polepole kwa kipande cha ubao, iingie sawasawa pande zote.

Kumbuka: kupima ni bure, lakini safari ya pili si bure.