NYUMBA NAYO INAHITAJI KUPUMUA



Ukishuka kwenye basi pale Nangurukuru, njia panda ya Lindi, Dar es Salaam na Kilwa Masoko, utaona mabati kila upande. Nyumba nyingi kati ya hizo si mpya. Ni zile zile za miti na udongo, zilizokuwa za makuti. Wenyewe wameezua makuti, wakaezeka bati, wakapiga plasta na kuziba mianya yote.

Hiyo ni hatua nzuri. Bati haliliwi na mchwa, wala halishiki moto kwa cheche. Lakini baada ya kazi hiyo wengi huuliza: Mbona joto limezidi? Mbona usiku tunahamia barazani? Katika somo letu la leo tutaeleza sababu na namna ya kurekebisha.

Nyumba ya zamani ilipumuaje?

Hewa ya moto ni nyepesi, hivyo hupanda juu. Katika nyumba ya makuti hewa hiyo hutokea kwenye makuti yenyewe, na kwenye mwanya ulioachwa kati ya ukuta na paa. Ikitoka, hewa ya baridi huingia chini, mlangoni na madirishani, kushika nafasi yake. Basi nyumba inapumua.

Bati halina tundu. Jua la saa saba hulichoma, nalo hutupa joto ndani. Ule mwanya wa juu umezibwa kwa udongo au simenti. Hewa ya moto inakwama kama maji yaliyokosa mfereji. Kosa si bati. Kosa ni kuziba njia ya zamani bila kufungua njia mpya.

Wazee wetu waliijua kazi hii. Jumba la Husuni Kubwa, kule Kilwa Kisiwani, lilijengwa karne ya 14. Kuta zake ni nene, za mawe. Lakini wajenzi waliliweka juu ya ukingo wa bahari, wakaacha nyua za wazi katikati. Nyumba ya mawe ilipewa hewa yake.

Siyo joto tu

Hewa iliyokwama ina madhara. Moshi wa kuni huumiza macho na mapafu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani. Kati yao, zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Tena, kifua kikuu huenea kwa hewa. Mgonjwa akikohoa katika chumba kilichofungwa, wadudu wa ugonjwa hubaki hewani na wenzake huwavuta.

Kubwa kuliko yote ni jiko la mkaa. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Usilale na jiko la mkaa chumbani, hata kama linaonekana limekwisha. Watu hulala, wasiamke.

Tufanye nini?

Katika majengo makubwa ya mjini, hewa hupitishwa kwenye mabomba ya bati kwa mashine ya umeme. Sisi tunazo mashine mbili za bure: joto linalopandisha hewa, na upepo wa bahari.

1. Fungua madirisha yanayoelekeana. Dirisha moja peke yake ni mlango usio na pa kutokea. Kwetu kusi huvuma kutoka kusini, na kaskazi kutoka kaskazini mashariki. Fungua pande hizo kwanza.

2. Toboa matundu juu. Yaweke karibu na mgongo wa paa, kwenye ile pembetatu ya ukuta, upande huu na upande wa pili. Au jenga hapo matofali yenye matundu. Acha paa litokeze nje ili mvua isiingie.

3. Kama una dari, toboa pia juu yake, kati ya dari na bati. Joto la bati litatoka kabla halijashuka.

4. Toa jiko nje, kwenye kibanda chake. Kama haiwezekani, jiko liwe na tundu kubwa juu au bomba la moshi.

5. Paka bati rangi nyeupe ukiweza. Nyeupe hurudisha mwanga wa jua.

Angalizo: katika nyumba ya miti na udongo, usikate mti unaobeba paa. Muulize fundi kwanza.

Na mbu je? Na wezi?

Hizo ndizo hofu zinazofanya watu wazibe. Mbu zuia kwa wavu kwenye kila tundu na dirisha. Mwizi zuia kwa nondo. Jirani zetu wa Mtwara wameonyesha mfano. Huko zilijengwa nyumba 110 za utafiti katika vijiji 60, zenye kuta za wavu zinazopitisha hewa. Watoto wa nyumba hizo waliugua malaria, kuhara na kifua mara chache kuliko wenzao wa nyumba za kawaida. Hata hivyo, chandarua kitandani kisiachwe.

Jaribu nyumbani kwako

Washa udi, simama katikati ya chumba, tazama moshi. Ukipanda na kutoka, nyumba inapumua. Ukizunguka darini na kushuka, njia ya kutokea haipo. Anza na tundu moja la juu kila upande, kisha jaribu tena.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini nyumba ya bati inaweza kuwa na joto kuliko ya makuti?
2. Hewa ya moto hutokea wapi katika nyumba yako?
3. Kwa nini ni hatari kulala na jiko la mkaa?
4. Ni nyumba ipi kijijini kwenu tunayoweza kusaidiana kuifungua wiki hii?